Injini hailindwi kwa kufutwa vumbi tu

Karakana ya Umekoji, mjini Kyoto, Japani, ilijengwa mwaka 1914 kwa zege la nondo, na mwaka 1972, reli ya nchi hiyo ilipotimiza miaka 100, ikafanywa makumbusho. Vyumba vyake 20 vya injini vimejipanga kama upepeo uliokunjuliwa, na reli za vyumba vyote zinakutana kwenye daraja la chuma linalozunguka ndani ya shimo la mviringo. Injini ndizo zinazovuta macho, lakini bila daraja hilo jengo lote lisingekuwa na maana. Injini ya mvuke inayokokota tangi lake la maji na makaa ina uso na kisogo. Ikienda kinyumenyume, dereva haoni mbele vizuri. Lazima igeuzwe. Daraja la namna hii likiegemea mhimili wa katikati peke yake, injini husimamishwa pale hasa ambapo uzito wa mbele na wa nyuma unalingana. Dereva akipitiliza kidogo, upande mmoja unaelemewa na daraja linakuwa zito. Enzi za kusukuma kwa mikono, walioumia ni wasukumaji. Tena mahali penyewe hapabaki pale pale: tangi likijaa mizani inahama, likipungua inahama tena. Kibao gani cha maelezo kitamfundisha mtu hilo?

Ndiyo maana nashikilia kwamba karakana ya injini huhifadhiwa kwa kufanyiwa kazi. Kyoto wamelielewa hili. Baadhi ya injini zao bado huwashwa, huwavuta wageni kwenye kipande kifupi cha reli, kisha hurudi kugeuzwa na kulazwa chumbani. Mchochezi wa moto huanza mapema sana, na huanza pole pole, kwa sababu boila likipashwa joto kwa pupa mabamba yake hutanuka kwa viwango tofauti na maungio huvuja. Makaa huyatandaza kwa koleo, huku jicho moja likiwa kwenye kioo cha maji: maji yakishuka chini ya paa la tanuri, chuma hulainika, na boila laweza kulipuka. Ujuzi huu hukaa mikononi mwa watu, na watu huzeeka. Chuma kinaweza kusubiri miaka 50 chini ya turubai; fundi hawezi.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema kila moto unaowashwa unakula chuma cha asili, na vipuri vikibadilishwa mwaka baada ya mwaka, kinachobaki ni nakala. Lakini injini hizi hazikuwahi kuishi vinginevyo. Zilipokuwa kazini mabomba yalibadilishwa, magurudumu yakachongwa upya, hata maboila yakahamishwa kutoka injini moja hadi nyingine. Hata hivyo, kwa injini kongwe zilizobaki moja moja duniani, nakubaliana nao: zipoe. Makumbusho ya reli ya B&O, Baltimore, Marekani, yana nakala ya injini ya Tom Thumb iliyoundwa miaka ya 1920, na nakala ndiyo ya kuchoshwa. Na huko huko Baltimore ndiko ilikoonekana kwamba kutulia nako si usalama. Februari 2003 theluji iliangusha sehemu ya paa la jengo lao la mwaka 1884, likaponda hazina iliyokuwa imesimama kimya chini yake. Jengo lilifunguliwa tena mwaka uliofuata, lakini injini zilizoumia zilihitaji mikono inayojua kunyoosha na kuunga chuma cha kale. Mikono hiyo haipatikani pasipo na kazi.

Linalobaki kunisumbua ni urefu wa ile reli ya Kyoto. Safari nzima, kwenda na kurudi, ni kama kilomita moja. Karakana hiyo pia huhudumia injini zinazotoka kwenda njia kuu, na huko angalau moto hukutana na mlima na mzigo. Safari hizo zikikoma, kijana atakayejifunza kuchochea moto kwa mita 500 atakuwa amerithi kazi ya waliomtangulia, au ishara zake tu?