Tusiache Mbachao kwa Msala Upitao

Mgeni aingiaye Chake Chake katika msimu wa karafuu hana haja ya kuuliza wenyeji wanaishi kwa kitu gani. Harufu humpokea kabla ya watu. Humfuata sokoni, hupanda naye mlimani hadi kwenye ngome ya kale, na usiku huingia naye chumbani. Mji huu ni mdogo: watu wake hujuana kwa majina ya baba na babu, na habari iliyosemwa asubuhi barazani huwa imekwisha kufika Wesha kabla ya adhuhuri. Lakini mji mdogo si lazima uwe na mambo madogo. Jambo tulitakalo kulizungumza leo ni kubwa, nalo ni mafuta.

Tukitaja mafuta siku hizi, mawazo ya wengi hukimbilia baharini, kwenye yale yanayosemwa kuwa yamelala chini ya mwamba. Aghalabu tunasahau kwamba Pemba imekuwa kisiwa cha mafuta kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1980 kipo kiwanda nje kidogo ya mji wa Chake Chake, upande wa Wawi, kinachokamua mafuta kutokana na makonyo ya karafuu. Kazi yenyewe si ya miujiza. Makonyo hutiwa ndani ya mitungi mikubwa, mvuke wa moto hupitishwa humo, ukachukua mafuta, kisha ukapozwa. Maji yakajitenga, na mafuta yakabaki. Mafuta ya karafuu hutumika katika dawa za meno, katika sabuni na katika manukato ya nchi za mbali. Kiwanda hicho hicho hukamua pia mchaichai, mkaratusi na majani ya mdalasini.

Hesabu yake ni nyepesi kufahamika. Karafuu yenyewe ina mafuta mengi, kiasi cha sehemu 15 hadi 20 katika kila 100. Konyo lina sehemu tano au sita tu. Lakini karafuu huuzwa kama ilivyo, ilhali konyo, lau si mvuke ule, lingekuwa takataka ya kutupwa chini ya mgomba. Huo ndio utajiri wa mafuta tulionao: kitu kilichokuwa kitupwe kimepewa thamani.

Na thamani hiyo huingia majumbani kwa njia ambayo vitabu vya hesabu havionyeshi. Karafuu zilizochumwa mchana huletwa nyumbani na makapu, na baada ya sala ya isha jamaa nzima hukaa kulizunguka jamvi. Bibi, mama, watoto wa shule na jirani aliyekuja kutazama tu, wote huchambua: karafuu huku, makonyo kule. Hapo ndipo zinaposimuliwa hadithi, hapo ndipo mtoto anapofundishwa adabu na kusikia ukoo wake. Karafuu zikisha kukauka juu ya majamvi huenda kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa, na fedha zake zina wenyewe: ada za wachumaji, deni la dukani, bati la nyumba. Fedha za makonyo ni ndogo. Hazijengi nyumba, lakini zinatosha kushona kanzu ya mtoto, na mara nyingi zinatosha kulipia nauli ya mashua.

Hiyo nauli ya mashua ndiyo inayotufikisha Misali. Siku za Idi, na siku nyingine za mapumziko, jamaa nyingi za Chake Chake hushuka Wesha wakavuka kwenda katika kisiwa hicho kidogo kilichoko magharibi ya mji. Mama amefunga sufuria ya pilau kwa kanga. Baba amebeba madafu. Watoto wamekwisha kulowa kabla ya chombo kung'oa nanga. Huko hakuna mabembea wala bwawa la kuogelea lililojengwa kwa saruji. Upo mchanga mweupe, upo msitu wenye kivuli, na yapo matumbawe ambayo mtoto akichungulia chini ya maji huyaona kama bustani. Kasa hupanda pwani usiku kutaga mayai. Wavuvi wa vijiji vingi hupiga dago hapo, nao huwakaribisha wageni kwa samaki wa kuchoma.

Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alipofika huko aliwaomba wavuvi msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe, ambacho kimeelekea kibla, kitakuwa msala wake; na kutoka hapo likatoka jina la Misali. Kwa hadithi hiyo watu wamekiheshimu kisiwa kuliko kwa sheria yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palitokea mpango wa kukikodisha kwa ujenzi wa hoteli. Wavuvi walipinga, na wenye kujali mazingira wakasimama pamoja nao. Serikali ilisikiliza, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi ambalo wavuvi wenyewe wana sauti katika ulinzi wake. Hilo ni jambo la kujivunia kwa pande zote mbili, na yapasa likumbukwe katika haya yajayo.

Maana yajayo yanatoka katika bahari hiyo hiyo. Habari ya petroli katika visiwa vyetu si ngeni. Miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 makampuni ya BP na Shell yalichimba visima vya utafiti Unguja, Pemba na Mafia, kisha wakaondoka. Mwaka 2015 sheria ya petroli ya Jamhuri ya Muungano iliipa Zanzibar nafasi ya kusimamia mafuta na gesi yake. Mwaka 2016 Baraza la Wawakilishi likatunga sheria yake. Na mwezi wa Oktoba 2018 ukatiwa saini mkataba wa mgawanyo wa mazao na kampuni ya RAK Gas kwa ajili ya kitalu cha Pemba na Zanzibar.

Tangu hapo barazani hapaishi mazungumzo. Wapo vijana wanaosema kazi ya kupanda mikarafuu ni ya wazee, kwani mafuta yakitoka kila mtu atapata chake. Sisi hatumlaumu kijana kwa kutumaini. Tunalosema ni kwamba mkataba ni karatasi, na kisima ni jambo jingine. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha jirani zetu wa Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Ilifika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Miaka 30 ilipita. Mtoto aliyezaliwa siku ya ugunduzi alikuwa mzazi siku ya kuwashwa taa. Lau wazee wake wangeacha nyavu kwa kungojea bomba, wangekula nini?

Wapo pia wanavisiwa wa mbali wanaoweza kutufunza. Shetland, kaskazini ya Uskochi, ilikuwa na watu wapatao 17,000, wavuvi na wafumaji wa sufu, mafuta yalipogunduliwa katika bahari yao. Halmashauri yao haikukaa ikangoja hisani. Mwaka 1974 ilipata sheria iliyoipa mamlaka juu ya bandari na ardhi, ikafunga mapatano na makampuni kabla mafuta ya kwanza hayajafika Sullom Voe mwaka 1978. Sehemu ya fedha iliwekwa katika mfuko wa wananchi wote. Kwa fedha hizo yalijengwa makao ya kutunzia wazee, na hata vijiji vidogo vikapata kumbi za michezo zenye mabwawa ya kuogelea, ambako jamaa huenda na watoto wao siku za mapumziko wakati baridi na upepo havimruhusu mtu kukaa nje. Na hawakuacha kuvua.

Hata hivyo nao walionja uchungu. Januari 1993 meli ya Braer, iliyokuwa safarini kutoka Norwei kwenda Kanada, ilisukumwa na dhoruba ikapasuka katika miamba yao, ikamwaga tani zipatazo 85,000 za mafuta. Meli hiyo haikuwa na shughuli yoyote na bandari yao. Msiba wa bahari haubishi hodi kwa mwenye kosa peke yake.

Kwa hiyo tunathubutu kuwakumbusha viongozi wetu mambo matatu. Kwanza, mkarafuu upandwe na utunzwe kama vile hakuna petroli duniani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba iliyosalimika ndiyo iliyobeba nchi tangu siku hiyo; mti uliobeba nchi hauachwi ukafa kwa uzee. Bei ya makonyo nayo itangazwe wazi vituoni kama itangazwavyo ya karafuu, ili bibi aliyekesha kwenye jamvi ajue haki yake. Pili, Misali na miamba inayoizunguka iwekewe mipaka isiyovukwa na mtafuta mafuta yeyote, na wavuvi waitwe katika shauri hilo mapema, si baada ya saini. Tatu, kabla pipa la kwanza halijatoka, wananchi waelezwe kwa lugha yao fedha zitawekwa wapi, zitatumika kwa lipi, na nani atakayezikagua.

Nasi wananchi tuna letu. Anayeanika karafuu barabarani zikaingia mchanga na mafuta ya gari, anaharibu jina la kisiwa kizima. Anayekwenda Misali na jamaa zake akaacha taka mchangani, hana ulimi wa kuyakemea makampuni.

Wahenga walisema tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu tunaujua: ni jamvi lililozungukwa usiku na bibi, mama na watoto, na mashua inayovuka kutoka Wesha ikiwa imesheheni vicheko. Msala ukija, na uje kwa heri. Tutautandika na kushukuru. Lakini tuutandike juu ya mbacha, tusiutupe mbacha jaani kabla msala haujafika.