Siku Saba Mlimani: Tupange Nini Kabla ya Kuondoka?

Ndugu msomaji, huenda kijana wako akakuambia, "Baba, nakwenda Moshi kubeba mizigo ya watalii." Wabebaji hao huitwa wagumu. Kazi ipo, lakini si mchezo. Kabla hajaondoka Bukima, tusome pamoja safari yenyewe ilivyo.

Mlima Kilimanjaro una njia kadhaa. Sisi tutaeleza njia ya Machame. Watu hupandia lango la Machame, huzunguka upande wa kusini wa mlima, halafu hushukia lango la Mweka. Safari nzima ni siku sita au saba.

Kwa nini siku nyingi hivyo? Sababu ni hewa. Ziwa letu liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko meta 5,895. Kule juu, kila ukivuta pumzi unapata karibu nusu tu ya hewa unayoipata pwani. Mwili huweza kuzoea, lakini taratibu. Ndiyo maana siku ya tatu watu hupanda hadi meta 4,600 hivi, kwenye mwamba uitwao Lava Tower, kisha hushuka kulala katika korongo la Barranco, karibu meta 3,900. Ukiona hivyo utasema wanapoteza nguvu bure. Sivyo. Wanaufundisha mwili.

Asubuhi yake wanakutana na ukuta wa Barranco. Hapo unapanda kwa miguu na mikono, na wagumu wanapita na mizigo kichwani. Basi mzigo ukizidi, hapo ndipo mtu atakapoteleza. Sheria ya hifadhi inasema mgumu asibebe zaidi ya kilo 20, na mizani ipo langoni. Kijana asikubali mzigo usiopimwa.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kuna wageni wawili na wafanyakazi kumi. Unga wa wafanyakazi, nusu kilo kwa mtu kwa siku, kwa siku saba, ni kilo 35. Hiyo peke yake ni karibu mizigo miwili! Je, maharage? Maharage yaacheni nyumbani. Kule juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na maharage hayaivi upesi hata ukeshe nayo. Na kuni haziruhusiwi kukatwa, ni jiko la gesi tu. Dagaa wakavu wetu wa ziwani wangefaa sana: ni wepesi na huiva haraka.

Maji nayo yana hesabu yake. Mahali pa mwisho pa kuteka ni mto wa Karanga. Kambi ya Barafu, inayofuata, haina maji. Watu 12, kila mmoja lita nne za kunywa na kupikia, ni lita 48. Yaani ndoo mbili na zaidi, zipandishwe kwa kichwa.

Kutoka Barafu watu huondoka usiku wa manane kwenda kileleni. Baridi huko ni ya kugandisha maji chupani. Fulana ya pamba ikilowa haikingi kitu; sweta la sufu ni bora. Kijana aulize mapema: nguo za baridi atapewa, au aje nazo? Atalala wapi? Atakula mara ngapi? Malipo ni kiasi gani? Ajibiwe kabla ya kuvuka lango.

Ugonjwa wa mlimani tusiufanyie mzaha. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Hapo usipande zaidi mpaka upone. Lakini ukiona mwenzako anayumba kama mlevi, anasema ovyo, au anahema hata akiwa ameketi, mshusheni mara moja, hata kama ni usiku. Asiachwe peke yake. Hata mwenyeji wa Moshi huupata, na huua.

Miezi nayo ichaguliwe. Machi hadi Mei ni masika, njia huteleza. Januari na Februari, au Juni hadi Oktoba, ni afadhali.

Kushuka ni haraka, lakini magoti hulipa. Kutoka kileleni hadi lango la Mweka ni meta 4,255 kwenda chini, kwa siku mbili tu. Na taka zote hurudi nazo, maana nazo hupimwa kwenye mizani.