Bwana na bibi katika mbio: furaha yake, na namna ya kuanza

Ukipita Panda saa kumi na mbili asubuhi wakati wa kiangazi, baridi ya mwezi wa sita ikiwa ingali mikononi, utakuta watu wanakimbia. Wengi ni vijana wa mpira, maana huu ni mtaa wa mpira, na jina la US Panda linajulikana mbali kupita Likasi. Wengine ni askari. Wengine ni wazee walioambiwa na daktari kwamba presha yao imepanda. Mama anayekimbia ni haba. Bwana na bibi wanaokimbia pamoja, mmoja kando ya mwingine, ni haba zaidi, na wakionekana watu wanauliza: hawa wanafukuzwa na nani?

Swali hilo linachekesha, lakini lina mzizi. Kwetu, tangu zamani, michezo ilihesabiwa kuwa kitu cha vijana wa kiume, na mwanamke akisha kuolewa alihesabiwa amemaliza kucheza. Mbio zake zikawa za kwenda kisimani, sokoni na shambani. Kwa hiyo tukisema kwamba kukimbia pamoja kunaleta furaha katika ndoa, tusianze na viatu. Tuanze na jambo lenye uzito: je, bwana anaweza kufurahi bibi yake akimpita?

Tuangalie majirani zetu wa Kenya, kwa sababu kule jambo hili si la kuwazawaza tu. Edna Kiplagat alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mara mbili mfululizo, Daegu mwaka 2011 na Moscow mwaka 2013. Alishinda New York mwaka 2010, London mwaka 2014, na Boston mwaka 2017 akiwa na miaka 37, umri ambao wakimbiaji wengi wamekwisha kustaafu. Mwalimu wake wa mbio ni bwana yake, Gilbert Koech, ambaye mwenyewe alikuwa mkimbiaji wa marathoni. Gilbert hakuwa shabiki anayepiga makofi kando ya barabara. Alijua uchungu wa kilometa ya 35 kwa miguu yake mwenyewe. Na nyumba yao ilikuwa na watoto wao wa kuzaa pamoja na watoto wa dada ya Edna aliyefariki. Mama akisafiri kwenda mashindano, mtu lazima abaki akijua nani anakula nini na nani ana kazi ya masomo. Mataji yale ya Edna yana kazi ya nyumbani ndani yake, hata kama gazeti haliiandiki.

Mfano mwingine ni Faith Kipyegon na bwana yake Timothy Kitum. Timothy ndiye aliyetangulia kupata medali ya Olimpiki, shaba ya mita 800 London mwaka 2012. Kisha Faith akapata dhahabu ya mita 1500 Rio mwaka 2016, akazaa mtoto wa kike mwaka 2018, akarudi, akachukua dhahabu tena Tokyo mwaka 2021 na tena Paris mwaka 2024. Leo jina la bibi limepita jina la bwana kwa mbali sana. Katika nyumba nyingi za kwetu jambo kama hilo lingeita mkutano wa ukoo.

Wako pia waliofurahi siku moja. Emil Zátopek na Dana Zátopková wa Czechoslovakia walizaliwa wote wawili tarehe 19 Septemba 1922. Tarehe 24 Julai 1952, Helsinki, Emil alishinda mita 5000, na mchana uleule Dana akashinda kurusha mkuki. Medali mbili za dhahabu, nyumba moja.

Sasa, sisi wa Panda hatutafuti dhahabu. Tunatafuta nini? Kwanza, nafasi ya kuongea. Nyumbani kuna watoto, wageni, simu, na jirani anayekuja kuomba chumvi. Barabarani, kwa dakika thelathini, ni ninyi wawili. Tena mnakimbia mkitazama mbele, si uso kwa uso, na wengi wanaoshauri wenye ndoa wanajua kwamba maneno magumu hutoka kwa urahisi zaidi watu wakiwa wanatembea au wanafanya kazi ya mikono pamoja. Deni lisilolipwa, mtoto anayeanza kukosa masomo, maneno ya mama-mkwe: mambo hayo yakizungumzwa mbioni hayapati nafasi ya kuwa kelele, kwa sababu pumzi haitoshi kupiga kelele. Mimi na bibi yangu tumekwisha kumaliza mabishano zaidi ya moja katika njia ya kupanda, na sijui kama ni hekima au ni uchovu.

Pili, ni kuonana upya. Mtu uliyemzoea miaka kumi na mitano unamwona anashindana na mlima na hataki kusimama. Unamheshimu kwa namna nyingine.

Lakini furaha hiyo inapotea haraka kama mwenye nguvu anamburuza asiye na nguvu. Hapa ndipo wengi wanakosea siku ya kwanza. Bwana anatoka kwa kasi, anageuka kila mara kusema “kaza mwendo”, na siku ya tatu bibi anasema goti linauma. Kipimo ni rahisi: mwende mwendo ambao mwenye pole anaweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Akishindwa kusema, mtembee. Kuanza kwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, mara tatu kwa juma, si aibu. Mwili wa mtu mzima unahitaji majuma mengi ili mishipa na viungo vizoee, hata kama moyo unaona uko tayari.

Mwenye kasi akitaka kunyoosha miguu yake, kuna njia nzuri. Muondoke pamoja, kila mtu kwa mwendo wake, na mkubaliane kugeuka wote baada ya dakika kumi na tano, kila mtu pale alipofika. Mwenye kasi atakuwa mbele sana wakati wa kugeuka, na sasa atakuwa nyuma sana. Kama kila mmoja ameshika mwendo wake, mtafika nyumbani pamoja. Hakuna aliyengojewa.

Likasi iko kwenye kimo cha mita 1300 hivi kupita usawa wa bahari. Si kama Iten ya Kenya, iliyo kwenye mita 2400, lakini mgeni anayetoka Matadi atasikia tofauti katika pumzi. Tatizo letu kubwa ni vumbi na makamio ya madini. Basi msikimbie kandokando ya barabara kubwa ya Lubumbashi na Kolwezi. Mchague njia za ndani za mtaa, asubuhi mapema kabla makamio hayajawa mengi. Wakati wa mvua mwangalie radi. Mwenye presha apimwe kwanza kwenye kituo cha afya, mama mwenye mimba aulize muuguzi wake, na mwenye homa akae nyumbani, maana malaria haitibiwi kwa jasho.

Neno la mavazi linauliza kila mara katika vikundi vya kinamama: je, mama wa kanisa anaweza kuvaa suruali njiani? Makanisa yetu hayana jibu moja, na sitayatungia. Nimeona akina mama wamevaa sketi pana juu ya suruali fupi na wanakimbia vizuri. Lisiwe sababu ya kubaki nyumbani.

Sababu inayowabakiza kweli ni nyingine. Mama wa Panda anaamka mapema kuliko wote ili kuwasha mbabula, kuteka maji, kuosha watoto na kuwapeleka masomo. Bwana anayesema “twende tukimbie” bila kugusa kazi hizo hamkaribishi katika furaha, anamwongezea mzigo. Ndoo ya maji ijazwe jioni, na anayeijaza awe bwana. Makala yawekwe tayari. Mtoto mkubwa ajue kwamba siku fulani anabaki na wadogo nusu saa. Nikiulizwa ni nini kinachofanya nyumba moja iendelee kukimbia na nyingine iache, nitajibu ndoo hiyo kabla ya kutaja viatu.

Hatuwezi kuzungumza juu ya Kenya na kuacha upande wa giza. Agnes Tirop, aliyepata shaba ya dunia ya mita 10,000 mara mbili, alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten tarehe 13 Oktoba 2021. Alikuwa na miaka 25. Mwezi mmoja kabla, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilometa 10 katika mbio za wanawake peke yao. Bwana yake alishtakiwa. Tarehe 5 Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki Paris mwezi uliotangulia, alikufa hospitalini Eldoret baada ya mwanaume aliyekuwa naye kummwagia petroli na kumwasha moto. Wenzake Agnes walianzisha shirika la Tirop's Angels ili kuwasaidia wanawake wanaoteswa.

Katika mbio hizo kuna pesa nyingi, na sisi hapa hatuna zawadi za maelfu ya dola. Lakini roho ya kutawala haingoji dola. Kuna mwanaume anayekimbia na bibi yake ili ajue anasalimia nani njiani. Kuna anayekataza asikimbie kwa sababu mwili wake umeanza kupendeza. Mchungaji anayepokea wenye ndoa asikie dalili hizo, na asimrudishe mama nyumbani kwa neno la “vumilia” peke yake.

Na mashindano yenyewe? Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mbio kwa sababu waliyaona: michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili, na mshindi alipewa taji la majani. Siku ya mashindano inampa mtu sababu ya kuamka siku ambazo hataki. Parokia inaweza kupanga mbio za kilometa 5 za wenye ndoa siku ya posho, ili siku ya yenga watu wapumzike. Iko namna mbili za kuzipanga kwa haki. Ya kwanza, mwenye pole anatangulia: kama bibi anakimbia kilometa moja kwa dakika 7 na bwana kwa dakika 6, bibi aondoke dakika 5 mbele, na hapo watafika wakisukumana kwenye mstari. Ya pili, ninayoipenda zaidi, dakika za wote wawili zinajumlishwa, na nyumba yenye jumla ndogo inashinda. Hapo bwana mwenye mbio hawezi kushinda peke yake, na akimaliza mapema utamwona anarudi njiani kumtia bibi yake moyo.

Gharama si kubwa: saa moja inayofanya kazi, chokaa ya kuchora mstari, ndoo mbili za maji safi, muuguzi mmoja, na mtu mwaminifu wa kuwaangalia watoto wakati baba na mama wote wawili wako njiani.