Kisangani: Ampli ya fundi wa mtaani na kuran isiyotulia

Kutengeneza ampli mjini Kisangani si kutafuta sauti tamu tu. Fundi anaanza na swali lingine: kuran ikishuka jioni, itavumilia?

Mji unategemea kituo cha umeme cha mto Tshopo, na volti hazitulii. Ampli ya transfoma ya kawaida hupangiwa volti 220. Zikishuka hadi 160, nguvu ya kusukuma bafle inapungua karibu nusu. Muziki unakwaruza, mwenye baa anaongeza sauti, kumbe anaunguza spika. Fundi makini anazungusha transfoma yenye ncha kadhaa, swichi ichague kufuatana na volti. Lakini kuran ikirudi kwa nguvu swichi ikiwa bado chini, kondansateri dhaifu zinapasuka.

Halafu kuna transista bandia. Nje zina namba ileile, ndani kipande cha silikoni ni kidogo mno. Njia ya kujua ni kuvunja moja na kuchungulia: hasara ndogo kuliko kurudishiwa ampli iliyoungua katikati ya matanga.

Vipuri vinapanda mto kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1.700, au vinapitia RN4 kutoka Uganda. Vinafika ghali, huku ampli za China zimejaa sokoni.

Kinshasa, kundi la Konono N°1 lilijitengenezea maikrofoni kwa sumaku za magari makuukuu, na mkwaruzo wake ukalipatia sifa hadi Ulaya. Makanisa ya Kisangani yanataka sauti safi, tena kwa bei ya China.