Ndege Usiyoijua Angani: Ramani za Mtandaoni Zinaeleza Nini na Haziwezi Kueleza Nini

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Tarehe 4 Mei, 2020, ndege ya mizigo iliyosajiliwa nchini Kenya, aina ya Embraer 120, ilikuwa ikikaribia kutua Bardale, kusini magharibi mwa Somalia, ikiwa imebeba vifaa tiba vya kukabiliana na UVIKO-19. Askari wa Ethiopia waliokuwa wakilinda eneo hilo waliiona ikiruka chini kwa namna ambayo hawakuizoea, na hawakuwa wamepewa taarifa ya ujio wake. Waliitungua. Watu wote 6 waliokuwamo walipoteza maisha. Ripoti ya AMISOM ilieleza baadaye kuwa askari hao, ambao hawakuwa sehemu ya kikosi hicho, walidhani ndege hiyo imekuja kufanya shambulio la kujitoa mhanga.

Waliokosea pale Bardale walikuwa watu wenye mafunzo na amri ya kijeshi. Mwananchi wa kawaida hana silaha ya kutungua ndege, lakini ana simu yenye vikundi vya WhatsApp, na mlolongo wa makosa huwa ni uleule: mngurumo usiozoeleka, kukosekana kwa taarifa, kisha hitimisho la haraka. Ndege ikizunguka mara tatu juu ya mji wakati wa usiku, haipiti nusu saa kabla ya ujumbe wa sauti kusambaa ukidai kwamba ni ndege ya kivita ya taifa fulani.

Siku hizi wananchi wengi hukimbilia ramani za mtandaoni zinazofuatilia safari za ndege. Ni jambo jema, kwa kuwa ramani hizo ni chanzo halali na kilicho wazi kwa umma. Tatizo hujitokeza pale zinaposomwa kana kwamba zinaona kila kitu.

Msingi wa ramani hizo ni kifaa kiitwacho transponda, ambacho hufungwa ndani ya ndege. Katika mfumo unaojulikana kwa kifupi kama ADS-B, ndege hupokea kutoka kwenye satelaiti taarifa za mahali ilipo, kisha huzitangaza yenyewe kwa redio, kwenye masafa ya megahezi 1090, pamoja na mwinuko, kasi na utambulisho wake. Tangazo hilo halikufungwa kwa siri yoyote. Mtu mwenye antena na kipokezi kidogo nyumbani anaweza kulinasa na kulituma kwenye mtandao, na maelfu ya watu wa kujitolea duniani hufanya hivyo. Flightradar24, iliyoanzia Sweden mwaka 2006, na ADS-B Exchange ni miongoni mwa huduma zinazokusanya taarifa hizo na kuzichora juu ya ramani. Ya kwanza huficha au kupunguza maelezo ya baadhi ya ndege kwa maombi ya wamiliki. Ya pili imejijengea jina kwa kutochuja, zikiwamo ndege za kijeshi. Kwa sababu hiyo, anayetafuta ndege asiyoijua ni vyema aangalie huduma zote mbili.

Rada hupeleka wimbi na kusubiri lirudi baada ya kugonga ndege, iwe ndege hiyo inataka au haitaki. Ramani ya mtandaoni yenyewe husikia tu, na husikia kile ambacho ndege imekubali kusema. Ndege ya kijeshi inaweza kuzima transponda, au kuiacha ikitoa utambulisho bila kutaja mahali ilipo. Inaweza pia kuiwasha kwa makusudi ili ionekane.

Mfano unaojulikana ni wa tarehe 2 Agosti, 2022. Ndege ya Jeshi la Anga la Marekani yenye jina la mwito SPAR19 iliruka kutoka Kuala Lumpur hadi Taipei ikiwa na Nancy Pelosi, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo. Flightradar24 ilieleza kwamba watu wapatao 708,000 walikuwa wakiifuatilia wakati inatua. Ilikuwa ndege aina ya C-40C, ambayo kwa umbo ni Boeing 737, ndugu wa zile ambazo Watanzania huzipanda kwenda Mwanza au Dubai. Aliyeitazama kwa macho tu asingejua kuwa ni ya jeshi. Na aliyeitazama kwenye ramani aliona namba, njia na mwinuko, lakini jina la abiria halikuandikwa popote. Watu walilijua kutokana na habari zilizokuwa zikiendelea. Ramani ilijibu swali la ndege gani. Swali la kwa nini lilijibiwa kwingine.

Wiki chache baadaye, tarehe 13 Septemba, 2022, takribani watu milioni 5 walifuatilia kupitia huduma hiyohiyo ndege kubwa ya mizigo ya Jeshi la Anga la Uingereza, C-17 yenye namba ZZ177, ikisafirisha jeneza la Malkia Elizabeth II kutoka Edinburgh kwenda London. Hiyo nayo ilikuwa ndege ya kijeshi, na haikuwa na lolote la vita.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya utambuzi. Hatua ya kwanza ni saa, na hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtego wetu wa pekee. Ramani nyingi huhifadhi kumbukumbu kwa saa za kimataifa, yaani UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Mtu akisema ndege ilipita saa 2:15 usiku, kwenye saa ya simu hiyo ni 20:15, na kwa UTC ni 17:15. Anayeandika 2:15 kama alivyoisikia atapata ndege nyingine kabisa, pengine ya abiria iliyopita wakati yeye amelala, kisha ataisambaza kwa uhakika mkubwa. Makosa mengi ya utambuzi huanzia hapo, wala hayahusiani na teknolojia.

Baada ya saa, yafuate macho na masikio. Ilikuwa na injini ngapi, na zilikuwa za jeti au za pangaboi? Mabawa yalipita juu ya kiwiliwili au chini yake? Mkia wake ulikuwaje? Ndege ya mizigo ya C-130 Hercules, inayotumiwa na majeshi mengi duniani tangu miaka ya 1950, ina injini 4 za pangaboi, mabawa ya juu, na mkia ambao mapezi yake ya pembeni yamekaa chini, usawa wa kiwiliwili. Dash 8 Q400 ya abiria nayo ina mabawa ya juu na pangaboi, lakini injini ni 2 na mkia wake una umbo la herufi T. Airbus A400M ina injini 4 na mkia wa T, na kila pangaboi lake lina mapanga 8 yaliyopinda. C-17 ina injini 4 za jeti zilizoning'inia chini ya mabawa ya juu. Usiku, taa husaidia: bawa la kushoto la ndege hubeba taa nyekundu, la kulia ya kijani. Ukiona nyekundu upande wako wa kulia na kijani upande wa kushoto, ndege inakujia. Ikiwa kinyume chake, inakwenda zake.

Ndipo ramani ifunguliwe. Kila transponda ina namba ya kudumu ya tarakimu na herufi 6, inayotolewa kutoka katika fungu ambalo nchi husika imetengewa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO). Namba za Tanzania huanza na 080, za Kenya 04C, za Uganda 068. Za Marekani huanza na herufi A, na nyingi za majeshi yake huanza na AE. Za majeshi ya Uingereza huanza na 43C. Mbali na namba hiyo lipo jina la mwito, ambalo huingizwa kwa ajili ya safari husika. Ndege za usafirishaji za Jeshi la Anga la Marekani hutumia mara nyingi RCH, za Uingereza RRR, za Ufaransa CTM, na ndege zinazotumikia Umoja wa Mataifa hutumia UNO. Hizi za mwisho hupita sana katika ukanda wetu, kwa kuwa Entebbe ni kituo kikubwa cha Umoja wa Mataifa na mashariki ya Kongo haiko mbali.

Namba ya kudumu ina uzito kuliko jina la mwito, kwa kuwa jina huandikwa na binadamu na binadamu hukosea. Hata hivyo, namba hueleza mahali ndege iliposajiliwa au jeshi inalotoka, na inaishia hapo. Mwezi Machi 2019, baada ya Kimbunga Idai kuupiga mji wa Beira nchini Msumbiji, ndege za kijeshi za mataifa kadhaa zilibeba chakula na dawa kwenda huko. Kwa mwenye kuitazama namba pekee, ndege ya msaada na ndege ya operesheni hazitofautiani.

Vipi kama ramani haina kitu kabisa, ilhali mngurumo unasikika juu ya paa? Watu wengi huhitimisha kuwa ndege hiyo imejificha. Mara nyingi jibu ni umbo la dunia. Mawimbi ya transponda husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo kipokezi kilicho ardhini husikia ndege iliyo mita 11,000 juu kutoka umbali unaozidi kilomita 400, lakini ndege iliyo mita 300 juu haisikiki zaidi ya kilomita 70 hivi, hata kwenye tambarare. Ukiweka Milima ya Uluguru au Usambara katikati, umbali hupungua zaidi. Vipokezi vingi viko mijini. Kijijini, ndege inayoruka chini hutoweka kwenye ramani bila rubani kuzima chochote. Ikumbukwe pia kwamba waongozaji wa ndege hawategemei ramani hizi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ina rada za kuongozea ndege za kiraia katika viwanja vya Julius Nyerere, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwa wilayani Bahi wakati wa msimu wa mtama, jua likielekea kuzama, ndege ndogo ilipoanza kupita chini juu ya mbuga, ikienda na kurudi. Mzee mmoja aliitikia salamu yangu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hao ni wanajeshi? Kuna nini huko?" Nilifungua simu, ramani ilikuwa tupu. Afisa kilimo wa eneo hilo ndiye aliyetutoa wasiwasi: ilikuwa ikinyunyizia kiuatilifu makundi ya kwelea kwelea, na kazi hiyo hufanywa jioni kwa sababu ndipo ndege hao wanaporejea kulala. Mzee alicheka, akasema angetamani wangekuja wiki iliyotangulia, kabla shamba lake halijaliwa.

Zipo safari nyingine za aina hiyo. Ndege za utafiti wa madini hupita chini kwa mistari sambamba kwa siku kadhaa. Ndege za sensa ya wanyamapori hufanya hivyo juu ya hifadhi na mapori. Mazoezi ya marubani huleta mizunguko ya kutua na kupaa. Tabia hizi zote, kwa asiyezijua, hufanana na upelelezi.

Kuhusu ndege za kijeshi za kigeni, utaratibu umewekwa tangu Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944. Ibara ya 3 ya mkataba huo inazihesabu ndege za jeshi, forodha na polisi kuwa ndege za dola, na inazizuia kuruka juu ya nchi nyingine au kutua humo bila idhini ya nchi hiyo. Idhini hizo hushughulikiwa kwa njia za kidiplomasia na kwa kawaida hazitangazwi. Kwa hiyo, safari kutotangazwa hakumaanishi kuwa imekosa kibali. Ni kweli pia kwamba taasisi za umma wakati mwingine huchelewa kutoa ufafanuzi, na uvumi hukalia kiti kilichoachwa wazi. Hilo ni la kurekebishwa upande wetu.

Upande wa mwananchi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayechapisha taarifa akijua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kudanganya umma au kutisha. Kuuliza swali si kosa. Kuandika "nimeona ndege yenye injini nne, sijui ni ya nani" hakumdhuru mtu. Kinachohitaji tahadhari ni kutangaza papo hapo mahali ilipo helikopta au ndege ya vyombo vyetu inapokuwa kazini, kwa sababu anayesoma tangazo hilo anaweza kuwa ndiye anayetafutwa.

Ndege inayotoa moshi, inayoshuka mahali pasipo uwanja au inayoangusha kitu iripotiwe mara moja kwa Polisi kupitia namba 112 au kwa uongozi wa kijiji au mtaa. Kwa swali lisilo la dharura, iandikiwe TCAA ikitajwa tarehe, saa, mahali, uelekeo wa ndege, idadi ya injini na umbo la mkia. Picha ya simu, hata ikiwa na ukungu, huhifadhi ndani yake saa iliyopigwa; itumwe kwa barua pepe kama ilivyo, bila kukatwa na bila kupitishwa kwanza WhatsApp, kwa kuwa programu hiyo huiondoa saa hiyo.