Hata figo ya kaka yako inaweza kukataliwa, hii ndiyo sababu

Kaka anakupa figo, vipimo vinalingana, upasuaji unaenda vizuri. Bado ndani ya saa chache mwili unaweza kuanza kuisumbua figo hiyo. Wengi husema "damu haziendani", lakini hiyo ni nusu tu ya habari.

Kwa mgonjwa wa Katesh au Haydom, hili si somo la darasani. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, ikafuata Benjamin Mkapa ya Dodoma Machi 2018. Dodoma ni karibu kuliko Dar es Salaam, ila kutoka Katesh kupitia Babati na Kondoa bado ni zaidi ya kilomita 300. Dalili mbaya ikianza usiku, huo ni mbali.

Wanaofika kwanza

Figo ikitolewa kwa mchangiaji hukaa kwa muda bila damu, na seli zake hukosa oksijeni. Damu ikirudi, baadhi huumia zaidi, hupasuka na kumwaga vitu ambavyo kwa kawaida hukaa ndani.

Hapo ndipo inapoamka kinga ya asili, ile tunayozaliwa nayo. Ifikirie kama mbwa wa boma: haulizi ukoo wa mtu, inaona tu uzio umevunjika. Chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili hufika ndani ya saa chache, kisha makrofaji huja kula mabaki, na uvimbe huanza. Hata figo ya pacha wa kufanana ingepitia purukushani hii.

Shida ni kinachofuata. Baadhi ya seli za kinga hiyo hubeba vipande vya figo hadi kwenye tezi za limfu na kuvionesha kwa seli T. Hizi sasa ndizo zinazojua kutofautisha chako na cha mwenzio, na shambulio zito huongozwa nazo. Kelele za mwanzo zikiwa kubwa, seli T nazo huamka kwa nguvu.

Ndiyo maana figo ya ndugu aliye hai ina faida. Hukaa bila damu muda mfupi kuliko ya marehemu, ambayo inaweza kuhifadhiwa kwenye baridi kwa saa nyingi.

Vidonge vinafika wapi?

Takrolimasi, dawa inayomezwa kila siku, hulenga zaidi seli T. Prednisoloni hutuliza na kinga ya asili, ila haiizimi.

Na mbwa huyo kumbe ana kumbukumbu. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walionesha kwa panya kwamba chembe za kinga ya asili zinaweza kukumbuka tishu ngeni, jambo ambalo vitabu vilisema ni kazi ya seli T na B.

Mwaka 2024 likaja jaribio la wagonjwa 22 huko Austria na Ujerumani. Dawa ya felzartamab, inayogusa pia seli uaji za kinga ya asili, iliondoa dalili za kukataliwa kwenye vipimo vya nyama ya figo kwa wagonjwa 9 kati ya 11. Waliopewa dawa bandia walikuwa 2 kati ya 10. Ni jaribio dogo, tusikimbilie kushangilia.

Ukirudi nyumbani

Maambukizi nayo huamsha kinga ya asili upya. Kwa familia za wafugaji, maziwa mabichi ni hatari ya wazi kwa sababu ya brusela, hivyo yachemshwe. Homa isimalizwe kwa dawa za malaria za kununua tu dukani bila kipimo. Mkojo kupungua au miguu kuvimba ni sababu ya kupima kreatinini siku hiyo hiyo.

Akikutwa na kifua kikuu, aliyepandikizwa aseme mapema kwamba anatumia takrolimasi. Rifampisini, dawa ya kawaida ya TB, hushusha kiwango cha takrolimasi kwenye damu, na dozi lazima ipangwe upya na daktari wa figo.