Maumivu ya Miguu Yasiyo na Jina

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda likaonekana si la kiroho hata kidogo, nalo ni maumivu ya miguu. Sisemi maumivu ya mtu aliyejikwaa, wala ya mtu aliyelima kutwa nzima. Hayo hupungua kwa maji ya moto na usingizi. Nasema yale maumivu ya misuli ya paja, au ya shavu la mguu, yanayokaa mwezi mmoja, kisha miezi sita, kisha mwaka, na kila mgonjwa akipimwa huambiwa hana kitu.

Watu wa namna hii wamo makanisani mwetu. Ni yule mama asiyesimama wakati wa nyimbo, akadhaniwa ana kiburi. Ni yule mzee aliyeacha kuja maombi ya jioni kwa sababu ya kile kilima cha kanisani, nasi tukasema amepoa katika imani. Mtu aliyevunjika mguu ana plasta nyeupe ya kumtetea, lakini huyu hana cha kuonyesha. Kwa hiyo wengine humtafutia sababu. Jirani atasema amekanyaga kitu alichotegewa mlangoni, na kwamba yuko mganga ng'ambo ya mto ajuaye kukitoa. Kazini watasema ni uvivu. Na kanisani, nasikitika kusema, atatokea mtu mwenye Biblia mkononi amfungulie habari za Mfalme Asa.

Habari hiyo imo katika kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 16. Twasoma kwamba katika mwaka wa 39 wa kutawala kwake Asa alishikwa na ugonjwa wa miguu, ukazidi sana, naye hakumtafuta Bwana bali waganga. Miaka miwili baadaye akafa. Basi watu wengi wamelichukua neno hili na kumpiga nalo mgonjwa: ukienda hospitali huna imani, na miguu ikikuuma ujue umetenda dhambi kama Asa.

Lakini ndugu zangu, isomeni sura yote. Asa alipoona vita vinamjia alitoa fedha na dhahabu katika hazina ya nyumba ya Bwana, akampelekea mfalme wa Shamu ili amsaidie. Hanani mwonaji alipomkemea, akamkasirikia na kumfunga. Huyu ni mtu aliyekuwa amezoea kupanga mambo yake yote bila Mungu, na ugonjwa ulipokuja akaendelea vivyo hivyo. Kosa linaloandikwa pale ni kwamba hakumtafuta Bwana. Hatuambiwi kwamba ilikuwa vibaya kutibiwa, wala hatuambiwi ugonjwa wenyewe ulikuwa gani. Wataalamu wamekisia: wengine wasema jongo, wengine wasema mishipa ya damu iliyoziba. Hata miguu ya mfalme, basi, ilibaki bila jina la ugonjwa.

Mwekeni Hezekia kando ya Asa. Hezekia alipougua karibu na kufa aliomba, akalia, Mungu akamsikia. Na nabii Isaya, ambaye angeweza kuishia kwenye maombi, aliagiza walete mkate wa tini wauweke juu ya jipu. Maombi na dawa katika chumba kimoja, na nabii ndiye aliyeagiza yote mawili. Luka naye alikuwa tabibu, na Paulo hakumwambia aache kazi hiyo ili awe mwinjilisti. Ndiyo maana wazee wetu waliojenga makanisa Kijabe, Chogoria, Maua na Kaloleni walijenga na hospitali karibu yake.

Sasa, ukienda hospitali, usiseme tu, "Daktari, miguu yaniuma." Mguu una lugha yake, na daktari anahitaji kuisikia kutoka kwako. Angalia siku chache kabla hujaenda: yanaanza lini, yanapoa kwa kufanya nini, ni mguu mmoja au yote miwili. Yupo mtu anayetembea mwendo fulani, tuseme kutoka nyumbani hadi dukani, na shavu la mguu likambana. Akisimama dakika chache yanakwisha. Akitembea tena mwendo uleule yanarudi. Huyo yafaa achunguzwe mishipa ya damu, hasa akiwa mvutaji wa sigara au mwenye ugonjwa wa sukari. Yupo mwingine anayeumwa akitembea wima, lakini akiinama akisukuma baiskeli au mkokoteni anaona nafuu. Kusimama tu hakumsaidii mpaka aketi. Kwake huenda neva zimebanwa katika uti wa mgongo, na miguu inalia tu kwa niaba ya mgongo. Mwingine maumivu yashuka kutoka tako, nyuma ya paja, mpaka unyayo, na akikohoa yanazidi. Hapo pia ulizeni mgongo.

Yuko mama ambaye miguu haimwachi alale. Akijilaza jioni anasikia ni lazima aitikise au ainuke atembee. Mara nyingine shida hiyo hutokana na upungufu wa madini ya chuma mwilini, na kipimo cha damu huweza kuonyesha. Yuko na yule ambaye mapaja yauma na kuinuka kitini ni kazi, kwa kuwa hapati jua na mwili umepungukiwa vitamini D. Nayo tezi ya shingoni ikifanya kazi kidogo mno huleta misuli mizito yenye kuuma. Nyayo zinazowaka moto usiku na kufa ganzi huwa mara nyingi ni alama ya sukari. Na kwa watoto wa pande za Nyanza, Magharibi na Pwani, wazazi msisahau selimundu. Mtoto anayelia miguu mara kwa mara na apimwe damu, asiambiwe anadeka.

Tena pelekeni dawa zote mnazotumia, hata zile za kunywa kila siku mlizozisahau kuwa ni dawa. Za kupunguza kolesteroli zaweza kuumiza misuli. Ukiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, nenda siku hiyohiyo. Baadhi ya dawa za presha zinazomfanya mtu akojoe sana hupunguza potasiamu, na misuli ikabana au ikalegea. Isoniazidi ya kifua kikuu yaweza kudhuru neva za miguu, ndiyo sababu hutolewa pamoja na vitamini B6. Usiache dawa yoyote kati ya hizi kwa shauri lako, wala kwa shauri la mhubiri. Mwambie aliyekupa.

Kuna mambo mawili yasiyongoja ibada ya Jumapili. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma, hasa baada ya kujifungua, kupasuliwa, kulala kitandani siku nyingi au safari ndefu ya basi, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Usiukande na usiusugue kwa mafuta. Donge hilo likisafiri hadi mapafuni mtu hukosa pumzi na aweza kufa. La pili, miguu ikilegea pamoja na ganzi ya sehemu za siri, au mtu asiweze kukojoa au kuuzuia mkojo, mkimbizeni hospitali saa ileile.

Lakini turudi kwa yule mama. Ameyafanya haya yote, damu imepimwa, picha zimepigwa, na daktari anasema haoni kitu. Je, amedanganya?

Alikuwako daktari mmoja mpasuaji, Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka wa 1914 na wazazi wamisionari, naye akaenda kuhudumu katika hospitali ya Kikristo huko Vellore mwaka wa 1946. Aliwatibu wagonjwa wa ukoma, akatambua kwamba vidole vyao havikuwa vikianguka kwa ukoma kula nyama, kama watu walivyodhani. Walikuwa hawasikii maumivu, kwa hiyo walishika sufuria ya moto na kukanyaga misumari bila kujua. Tangu hapo akafundisha kwamba maumivu ni zawadi ya Mungu, mlinzi wa mwili.

Neno hilo ni kweli, lakini usiende kulisema kando ya kitanda cha mtu aliyeumwa miaka miwili bila kulimaliza. Mlinzi naye aweza kuharibika. Wezi wamekwisha kuondoka, labda hawakuja kabisa, naye angali anapiga firimbi usiku kucha. Siku hizi waganga wa hospitali wanajua kwamba neva na ubongo vyaweza kuzoea kupeleka habari za maumivu hata pale ambapo misuli haina jeraha. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inayahesabu maumivu yanayodumu au kurudi zaidi ya miezi 3 kuwa ni maumivu sugu, tena inakubali kwamba mara nyingine maumivu yenyewe ndiyo ugonjwa. Kwa hiyo picha safi haimfanyi mgonjwa mwongo. Inatuambia tu kwamba shida haiko mahali palipopigwa picha.

Mtu wa namna hiyo husaidiwa pole pole. Kulala kitandani siku zote hudhoofisha misuli na maumivu huzidi. Na siku akijisikia vizuri asifue nguo za nyumba nzima, kwa maana kesho yake hatainuka. Akiweza kutembea dakika 5 bila kuteseka, na atembee dakika 5 kila siku, kisha juma lijalo aongeze moja au mbili. Daktari aweza kumpa amitriptilini kidogo ya usiku ili kutuliza neva. Hiyo hutumiwa pia kwa watu wenye huzuni nzito, basi nyumbani msianze kunong'ona kwamba mama ameharibika akili. Kinachonitia hofu zaidi ni vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni vinavyonunuliwa dukani na kumezwa kila siku kwa miezi, kwa kuwa hutoboa tumbo na kuharibu mafigo, na aliyekwenda kwa maumivu ya mguu akajikuta ana ugonjwa mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Na maombi je? Ombeni. Ombeni bila kuchoka, na muombe kwa jina lake, si kwa "wagonjwa wote" tu. Ila msimharakishe kusimama mbele na kushuhudia kwamba amepona, kwa sababu akishasema hivyo, siku miguu ikimrudia ataona haya kurudi kanisani. Paulo, ambaye kwa mkono wake wengi waliponywa, anamwandikia Timotheo kwamba Trofimo amemwacha Mileto akiwa mgonjwa. Anasema hivyo tu. Hataji dhambi ya Trofimo, hapimi imani yake, wala haoni haya kuiandika habari hiyo katika barua.

Wazee wa kanisa, hili lifuatalo ni lenu. Wekeni benchi lenye kiegemeo karibu na mlango, ili anayehitaji kutoka na kunyoosha miguu atoke bila kukodolewa macho na kanisa zima. Kikundi cha maombi na kikutane nyumbani kwa yule asiyeweza kupanda kilima, hata mara moja kwa mwezi. Naye kiongozi wa ibada, akisema tusimame tuimbe, na aongeze maneno mawili: "wenye kuweza."